SOMO LA MOTOKAA: SPRINGI ZA GARI LA ANASA NA UZITO WA TELA



Tangu msimu uliopita tumepata maswali mengi kutoka kwa wenzetu waliopata kitu kidogo katika mavuno na ambao sasa wanataka kununua motokaa kubwa. Wengi wao hawataki lori wala pikapu. Wanataka gari la heshima, lenye viti laini na baridi ndani, litakalowachukua mama na watoto siku ya Idi, na papo hapo liweze kuvuta tela la magunia kutoka shamba. Wauzaji nao huwaambia, "Gari hili lina springi za hewa, litavuta chochote." Mwenzetu mmoja ametuuliza wazi wazi: je, maneno hayo ni kweli?

Jibu letu ni kwamba maneno hayo ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli katika jambo la motokaa yaweza kumtoa mtu roho. Tumeona wenyewe. Kwa hiyo leo tutaacha habari za mikarafuu kidogo, tueleze springi ni nini, zina namna ngapi, na mtu achague vipi. Tutaanza kwa safari yetu ya bara, maana huko ndiko tulikofundishwa.

Safari ya Biharamulo na Ngara

Mwanachama mwenzetu wa Pemba ana nduguye anayefanya biashara ya mchele na maharage huko Biharamulo, katika Mkoa wa Kagera. Mwenzetu alinunua gari la anasa lililokwisha kutumika, lenye springi za hewa magurudumu ya nyuma, akalipokea Dar es Salaam. Kabla ya kulivusha kuja kisiwani alitaka nduguye alitumie mwezi mmoja kazini. Akatualika watu wawili wa chama tumfuate, nasi tukaenda.

Msomaji asiyepajua huko na apige picha hii. Mji wa Biharamulo una boma la kale la Wajerumani. Ukitoka hapo kuelekea kusini unafika Lusahunga, na hapo unakutana na barabara kuu iendayo Rusumo, mpakani na Rwanda. Kutoka Lusahunga mpaka Rusumo ni kilomita 92. Hiyo ndiyo njia ya malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi, basi mchana na usiku utaona tela kubwa kubwa zikipanda na kushuka. Nchi ni ya vilima. Ukikaribia Rusumo unafika Benaco, na hapo njia inagawanyika, moja inakwenda mpakani na nyingine inakwenda Ngara, nchi ya Wahangaza, yenye migomba, mibuni na milima iliyosimama.

Jina Benaco ni la kampuni ya ujenzi ya Kiitalia iliyokuwa na kambi yake hapo. Dunia nzima ililijua jina hilo mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili ya mwaka ule, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda, wakatua hapo Benaco. Unga, maharage, mahema na dawa za watu hao wote zilipaswa kuletwa kwa magurudumu. Tunakumbusha habari hiyo kwa sababu wazee wa huko wanajua sana maana ya mzigo na maana ya barabara. Walituambia neno moja tulilolikumbuka baadaye: mzigo una gari lake, na abiria wana gari lao.

Asubuhi ya safari tulipakia tela magunia 20 ya mchele, kila gunia kilo 50. Tela lilikuwa la magurudumu mawili, limechomelewa na mafundi wa mjini, halina breki. Lenyewe tupu lilikuwa na kilo 400 hivi. Vijana walipanga magunia mengi upande wa mbele ili, kama walivyosema, tela lisiruke. Tulipolifunga kwenye gari, nyuma ya gari ilishuka kidogo, kisha tukasikia pampu ikinguruma, na gari likajiinua taratibu mpaka likakaa sawa kama halina kitu. Sote tulicheka kwa furaha. Mwenzetu akasema, "Mnaona, ami? Gari la wakubwa hili."

Tulikwenda vizuri mpaka katika mteremko mmoja kabla ya kufika Benaco. Hapo tela lilianza kutusukuma. Ndugu mwenye kuendesha akakanyaga breki, akakata usukani ili afuate kona, lakini magurudumu ya mbele hayakushika kama ilivyotakiwa. Gari likaenda moja kwa moja kuelekea ukingoni. Hapo ukingoni palikuwa na kijana aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Aliiacha baiskeli akaruka mtaroni. Sisi tulisimama hatua tatu kutoka pale alipokuwa. Baiskeli ilipinda, ndizi zilimwagika, lakini yeye alikuwa mzima. Tulimlipa, tukamwomba radhi, naye akatujibu kwa upole kutushinda sisi: "Wazee, shukeni pole pole. Mlima huu hauna haraka."

Tuliposhuka kuangalia, nyuma ya gari ilikuwa ingali sawa kabisa. Hata mtu mwenye ujuzi angalitazama kwa macho asingeona kosa. Huo ndio mwanzo wa somo letu.

Mizani ilisema nini

Tulifika Ngara jioni. Asubuhi ya pili tulikuta gari limekaa kitako upande mmoja, maana mfuko mmoja wa hewa ulikuwa umepasuka. Fundi wa hapo, kijana wa makamo mwenye maneno machache, alitazama chini ya gari, kisha hakuuliza habari ya mfuko. Aliuliza, "Mzee, ncha ya tela ilikuwa na kilo ngapi?" Hatukujua. Akatuchukua mpaka dukani kwa mnunuzi wa maharage, tukaweka ncha ya tela juu ya mizani, mzigo ukiwa bado haujashushwa. Mizani ilisema kilo 210.

Kisha akafuta vumbi kwenye kibati kilichopigwa juu ya chuma cha kuvutia. Kiliandikwa kilo 150. Halafu akatufungulia kitabu cha gari, ambacho hakuna aliyekuwa amekifungua tangu kununuliwa, akatuonyesha kwamba tela lisilo na breki lisizidi kilo 750. Letu lilikuwa na kilo 1,400.

Tukamwambia, "Lakini gari lilikaa sawa." Akajibu, "Ndiyo, mzee. Hewa iliwaficha. Lingekuwa la springi za chuma, jana asubuhi mngeliona limechuchumaa, mngepunguza magunia."

Wanachama, shikeni maneno hayo. Springi ya hewa husawazisha gari, lakini haiongezi nguvu ya gari. Kila kitu kingine katika somo hili kinatoka hapo.

Hesabu ya pikota

Kwa nini magurudumu ya mbele yalikataa kushika? Sababu ni ile ile ya pikota tuliyofundishwa skuli. Ncha ya tela haikalii juu ya gurudumu la nyuma, bali nyuma yake. Basi gurudumu la nyuma huwa kama jiwe la kuegemezea, na uzito wa ncha unapobonyeza nyuma, pua ya gari huinuka.

Tuchukue mfano. Tuseme kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma ni mita 2.8, na kutoka gurudumu la nyuma mpaka kichwa cha kuvutia ni mita 1.2. Jumla yake ni mita 4. Ncha ya tela ina kilo 210. Zidisha 210 kwa 4, kisha gawa kwa 2.8. Utapata 300. Maana yake, ekseli ya nyuma haikuongezewa kilo 210 tu, imeongezewa kilo 300. Hizo 90 za ziada zimetoka wapi? Zimetoka mbele. Magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayoongoza gari na ndiyo yanayofanya kazi kubwa ya breki, yamepunguziwa kilo 90.

Sasa, pampu inapojaza hewa katika mifuko ya nyuma, mgongo wa gari unanyanyuka. Taa haziangazi tena juu ya miti, na gari linapendeza. Lakini zile kilo 90 hazijarudi mbele. Uzito haufuati macho. Kuna vyuma maalumu vya kufungwa kati ya gari na tela ambavyo hugawa uzito na kurudisha sehemu yake mbele, lakini si kila gari linaruhusu vyuma hivyo, hasa magari yenye springi za hewa. Kitabu cha gari ndicho kitakachosema.

Namna za springi

Ama springi zenyewe, kwa kazi yetu tutazitaja namna tatu kubwa na moja ya kuchanganya.

Ya kwanza ni springi za mabamba, yaani vyuma bapa virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja. Hizi ndizo za malori, za Canter, na za nyuma katika Land Cruiser za kazi ambazo twaziona kila mahali Afrika ya Mashariki. Mabamba hufanya kazi mbili kwa pamoja, kwani hubeba mzigo na pia hushika ekseli mahali pake. Bamba likikatika, fundi wa kijiji chochote chenye moto na nyundo aweza kukusaidia ufike mjini. Ubaya wake ni kwamba gari tupu hudunda, na mgonjwa au mzee aliyekaa nyuma hatakusifu.

Ya pili ni springi za koili, chuma kilichozungushwa kama nyoka aliyejikunja. Hizi ni laini, na gurudumu huweza kushuka na kupanda sana kufuata mashimo. Range Rover ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1970 iliwekewa koili magurudumu yote manne, nao watengenezaji walijua kwamba koili laini huchuchumaa zikipata mzigo, kwa hiyo wakaongeza katikati ya ekseli ya nyuma chombo cha kulinyanyua gari lenyewe. Katika magari mengi ya anasa koili zimefanywa laini kwa ajili ya abiria. Mtu aweza kununua koili ngumu zaidi, lakini ajue kwamba atapanda gari gumu kila siku, hata siku asiyokuwa na tela.

Ya tatu ni springi za hewa. Mahali pa chuma pamewekwa mfuko wa mpira mgumu uliojaa hewa. Sensa hupima urefu wa gari kutoka kwenye ekseli, na pampu ya umeme huongeza hewa mzigo ukizidi na kuipunguza mzigo ukitoka. Range Rover ilianza kuuzwa na springi za namna hii mwaka 1992, na leo magari mengi ya anasa wanayo. Baadhi ya Toyota Prado zilizotoka tangu mwaka 2002 zina mifuko ya hewa nyuma tu, na mbele zina koili. Uzuri wa hewa ni mkubwa, nasi hatuusemi vibaya. Gari hukaa sawa likiwa tupu na likiwa limejaa, tela halivutwi likiwa limeinamisha mdomo, na safari ni ya raha. Lakini hesabu vitu vyake: mifuko, mabomba, pampu, kikaushio cha hewa, sensa, na nyaya. Chochote kimoja kikifa, gari hukaa kitako. Mpira nao huzeeka kwa joto, kwa vumbi na kwa miaka, hata kama gari halikuvuta kitu.

Namna ya kuchanganya ni koili zenye mfuko mdogo wa hewa wa kusaidia, uliotiwa ndani ya koili. Mfuko huu hujazwa kwa pampu ile ile ya tairi. Siku ya tela unajaza, na siku ya kwenda harusini unapunguza. Ukipasuka, koili zingali pale, utafika nyumbani. Ni jambo la gharama ndogo, na kwa wanachama wengi twaona latosha. Lakini hapa pia sheria ni ile ile, kwamba mfuko hauongezi kilo zilizoandikwa katika kibati.

Kilo za gari na kilo za tela

Twaomba wanachama wasichanganye hesabu mbili. Magari makubwa ya anasa mengi, kama Range Rover na Land Cruiser 300, huruhusiwa kuvuta mpaka kilo 3,500 katika nchi nyingi, tela likiwa na breki zake. Muuzaji atakutajia hesabu hiyo kwa sauti kubwa. Hesabu atakayoinong'ona, au asiyoijua kabisa, ni ile ya uzito ambao gari lenyewe laweza kubeba mgongoni. Hiyo aghlabu ni ndogo kuliko mtu anavyodhani.

Tuseme gari lako laweza kubeba kilo 650. Ukiwa na watu watano wa kilo 75 kila mmoja, umekwisha tumia 375. Vikapu, mkeka, maji na gurudumu la akiba la pili, tuseme 100. Sasa 475. Ncha ya tela ni mzigo wa gari pia, si wa tela. Ikiwa ni kilo 150 umefika 625, na salio ni 25 tu. Ikiwa ni 210 kama yetu, umepita. Na gari la hewa halitakuonyesha kwamba umepita.

Kwa upande mwingine, mtu asikimbie huku akaangukia kule, akahamisha magunia yote nyuma ya tela ili ncha iwe nyepesi. Tela lenye mkia mzito huyumba kama ngalawa iliyokatika usukani, na likianza kuyumba kwa mwendo wa kasi huweza kulipindua gari linalolivuta. Hakuna springi, ya chuma wala ya hewa, itakayoponya tela lililopakiwa vibaya. Weka mzigo mzito juu ya ekseli ya tela, mbele yake kidogo, halafu pima ncha. Wengi hufuata kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela lote, lakini isizidi kamwe kilichoandikwa kwenye chuma cha kuvutia wala kilichoandikwa kitabuni. Ukiona sehemu ya kumi inazidi kibati, dawa ni kupunguza mzigo.

Na sisi wakulima wa karafuu hatuna udhuru wa kutopima. Kila mmoja wetu anayo mizani au jirani yake anayo. Weka ncha ya tela juu ya kipande cha ubao kwenye mizani, tela likiwa limelala sawa kama litakavyovutwa na magurudumu yake yamezuiwa kwa mawe, usome. Kumbukeni vile vile kwamba karafuu mbichi ni nzito kuliko kavu. Mbichi zikikauka hubaki takriban theluthi moja ya uzito wake. Tela lililojaa mbichi kutoka shamba kwenda uwanja wa kuanikia si sawa na tela lililojaa kavu kwenda kituo cha kuuzia, hata kama kwa macho ni lile lile.

Nani achague nini

Mwenye kuvuta tela mara chache kwa mwaka, mzigo mdogo, barabara ya lami, na ambaye gari lake ni la familia, achague koili au hewa kwa namna moyo wake upendavyo na mfuko wake uwezavyo.

Mwenye kuvuta kila wiki katika msimu, kwenye njia za udongo na vilima vyetu vya Pemba, lakini bado anataka gari la familia, twamshauri koili pamoja na mifuko ya kusaidia, shokapu nzuri, na tela lenye breki. Njia yenye mawimbi kama bati huchemsha shokapu mpaka zinakosa nguvu, kwa hiyo shokapu za rahisi ni hasara.

Mwenye kazi ya mzigo kila siku asitafute gari la anasa. Anunue la springi za mabamba, au akodi Canter.

Mwenye kununua gari la hewa lililokwisha kutumika, afanye haya kabla ya kutoa fedha:

1. Apime kwa futi kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi, magurudumu yote manne, jioni. Apime tena asubuhi kabla gari halijawashwa. Pembe moja ikiwa imeshuka kuliko nyingine, hewa inavuja.

2. Asikilize pampu. Ikinguruma kila mara gari likiwa limesimama na halina mzigo, inafidia uvujaji, nayo itakufa karibuni.

3. Alinyanyue gari mpaka juu kabisa, atazame mikunjo ya mpira kwa tochi. Nyufa ni dalili ya uzee.

4. Aulize bei ya mfuko mmoja na ya pampu, na siku ngapi zitapita hata zifike kisiwani. Sisi pale Ngara tulingoja siku sita. Faida ya mchele wote iliishia katika nyumba ya wageni na nauli ya mfuko.

5. Asome kitabu cha gari kuhusu tela. Magari mengi ya hewa yana namna yake ya kuwekwa wakati wa kufunga na kufungua tela, ili gari lisijinyanyue au kujishusha wakati mkono wa mtu uko kwenye ndoana.

Na mtu akisha kulifunga tela, asilipandishe gari juu ili lipendeze. Aliache katika urefu wa kawaida, apime upepo wa tairi za nyuma kama kitabu kisemavyo, na mteremkoni atie gia ndogo kabla hajaanza kushuka.

Mwisho wa habari

Wengi mtataka kujua gari la mwenzetu lilikwenda wapi. Lipo hapa Pemba, limetiwa mfuko mpya, na kila asubuhi huwapeleka watoto skuli. Chuma cha kuvutia kimefunguliwa na kuwekwa ghalani. Tela liliachwa Biharamulo, na ndugu yake amelitia breki. Mchele wa kwenda Ngara sasa hupanda Canter ya kukodi. Mwenzetu anasema kodi ya Canter kwa mwaka mzima haifiki bei ya mfuko mmoja na pampu, na kwamba hata ingezidi, angalilipa. Hajamsahau yule kijana wa baiskeli. Sisi pia hatujamsahau.

Fedha za karafuu hazipatikani kila mwaka. Mti hutoa vizuri msimu mmoja, kisha hupumzika. Basi mtu anapozitoa fedha hizo zote kwa gari moja, na auulize mzigo wake kwanza, ndipo aulize viti.

Maswali ya kujipima

1. Ncha ya tela lako ina kilo 140. Kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 2.8, na kutoka ekseli ya nyuma hadi kichwa cha kuvutia ni mita 1.2. Je, ekseli ya nyuma imeongezewa kilo ngapi, na ya mbele imepunguziwa ngapi?

2. Gari la springi za hewa limekaa sawa baada ya kufungwa tela. Taja mambo mawili ambayo kukaa sawa huko hakuthibitishi.

3. Kwa nini si vizuri kuhamisha magunia yote nyuma ya tela?

4. Gari lako laweza kubeba kilo 600. Mko watu wanne wa kilo 75, na vitu vya kilo 120. Ncha ya tela isizidi kilo ngapi, hata kama chuma cha kuvutia chaandikwa 250?

Majibu ya hesabu: la kwanza, nyuma kilo 200, mbele kilo 60. La nne, kilo 180. Majibu ya swali la pili na la tatu yamo ndani ya somo, na mwenye kuyapata bila ya kurudia kusoma, tunamwamini aende akanunue.